Miche Iliyolishwa Ndagala

Rumonge, alasiri, wewe ukiwa Gitaza

Hadija mwanangu,

Nakuandikia mchana kweupe, nimekaa kwenye kile kigoda cha kuparia samaki, daftari juu ya magoti, na hakuna anayenikatisha isipokuwa kuku. Asubuhi nilikuhimiza uwahi kwenda kumuaga shangazi yako, ukadhani nakuwazia njia. Wapi! Nilitaka nyumba iwe tupu. Nina neno nimeshindwa kulitamka mbele ya macho yako kwa miaka saba, na kesho unapanda basi la Bujumbura, halafu la Kirundo, ukasimamie pepinyeri ya watu, kitalu chao cha miche.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, wala za kula vizuri, wala za vijana. Hayo nimeyasema mpaka ukaniambia, "Mama, nimesikia, hata jirani amesikia." Nataka kukuandikia habari za miche.

Juzi nilikuona. Ile miche ya mijohoro niliyoipanga kando ya ukuta nilikuwa nimeimwagilia alfajiri. Ukatoka kuoga, ukaitazama, ukachota kopo, ukaimwagilia tena. Baada ya chai, tena. Nikakuuliza, "Kwani ina homa?" Ukacheka. Ukasema, "Mama, si unanijua, mimi ni Kiangazi. Nikiiacha kidogo tu inakufa." Ukacheka tena. Mimi sikucheka. Niliingia ndani nikakaa kitandani kama mtu aliyepigwa.

Una diploma yako ya A2 ya kilimo, na daftari lako linajua yote: maji kiasi gani, mbolea kiasi gani, lini kupunguza. Lakini mkono wako haujasoma lile daftari. Mkono wako unaogopa. Na Kirundo si Rumonge. Kule ziwa haliko mlangoni ukalichota ukichoka kufikiri, mvua ikiamua kukatika imekatika. Ukiilea miche ya wale watu kwa hofu hiyo, itakuwa mizuri kuitazama na itakufa yote, na wewe utasema, "Si nilijua." Jina hilo la Kiangazi ulilipata kwa uongo. Uongo ni wangu.

Ngoja nianze mwanzo, maana ulikuwa na miaka kumi na minne na mengine hukuyaona.

Korongo lile la juu ya mtaa wetu lilikuwa bado jembamba, mtu analiruka kwa hatua moja. Ila kila masika lilikuwa linakula ardhi likishuka kuelekea nyumba zetu. Sisi akina mama tukaunda asosiasio, chama chetu, tukakubaliana kupanda miti kwenye ule mlima mkavu ili mizizi ishike udongo. Kuotesha miche nikapewa mimi, kwa sababu nilikuwa na uwanja na nilikuwa na mdomo. Nilisema kazi ile naijua. Sikuijua. Nilijua ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

Na mwaka ule ndagala zangu zilinyeshewa zikiwa zimeanikwa mchangani, zikaoza magunia kwa magunia. Mwingine angelia. Mimi nikasema, haya, Mungu akifunga mlango huu anajua mwenyewe kwa nini. Nikazifukia shimoni pamoja na makapi ya mawese kutoka kwenye mashine ya jirani, nikangoja zioze sawasawa, nikachanganya na udongo, nikajaza visashe, vile vifuko vyeusi vya plastiki vya kuoteshea. Mbwa wote wa Rumonge wakahamia kwetu. Tulizungushia miiba, na bado kila asubuhi tunakuta visashe vimefukuliwa na mbwa mmoja amelala katikati ameshiba udongo. Baba yako, wakati huo yuko Kalemie na wavuvi, aliposimuliwa kwa simu alicheka mpaka salio likakatika.

Lakini miche, mwanangu! Ilipanda kama inaitwa. Nilimwagilia asubuhi, nikamwagilia jioni, ziwa si liko pale? Majani yakawa mapana, laini kama mchicha wa lengalenga. Watu walikuwa wanapita njia ya kwetu makusudi.

Agronomi wa komine, bwana shamba wa serikali, alikuja kuitazama. Akasimama hapo mlangoni, akashika kiuno. "Eh, Mama Hadija! Pepinyeri yako iko muzuri kabisa. Hii sijaona hata Bujumbura." Nikatabasamu kama bibi harusi. Halafu akauliza, kwa upole tu, "Maji umeanza kupunguza? Imebaki wiki chache ipandwe." Nikamshukuru, "Ndiyo, murakoze." Sikuwa nimepunguza hata kopo. Tena siku hiyo, kwa vile nilijua anakuja, nilikuwa nimemwagilia mara tatu ili majani yang'ae.

Sasa kumbuka na ile safu ya nyuma ya choo. Samaki hawakuifikia, udongo wake ulikuwa wa kawaida na samadi kidogo ya mbuzi. Kule nyuma tulikuwa tunafika kwa bahati. Ilipata maji leo, ikakosa siku tatu, ikapata tena. Ilikuwa mifupi, majani madogo, magumu, rangi ya vumbi. Siku ya kupanda nilikuambia, "Hii ipeleke kule kwenye mawe ikafie huko, isituaibishe mbele za watu." Ukaipeleka peke yako na sururu. Ulirudi na malengelenge viganjani, wala hukulalamika. Ulikuwa mtoto wa namna hiyo.

Tulipanda mvua ya Novemba, akina mama wote, kwa nyimbo na vigelegele. Mwezi mzima mlima ulikuwa kijani. Halafu Januari mvua ikakatika. Si jambo geni, kila mwaka kuna kile kiangazi kidogo, urugaryi, hata mtoto mchanga anakijua. Nikawaambia wenzangu, "Msiwe na wasiwasi, Hadija atapanda mlima na bidoni ya maji kila jioni akitoka shule." Na ulipanda. Wiki nzima na zaidi, bidoni kichwani, mlima ule.

Kisha Gitaza wakapata ndagala nyingi kwa mpigo. Shangazi yako akatuma neno kwamba mikono haitoshi kugeuza na kuanua. Nikakutuma. Mimi. Ulisimama hapo mlangoni, umejifunga kitambaa cha kijani, ukaniuliza, "Mama, na miche?" Nikasema, "Nenda. Nitaimwagilia mimi."

Sikupanda. Siku ya kwanza nilikuwa na wateja. Siku ya pili nilikuwa na uvivu.

Siku ya tatu Mama Salima, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza ukitoka korongoni, alikwenda mlimani kutafuta kuni, akashuka mbio. Miche imekauka. Si mmoja mmoja, mlima mzima umekuwa kahawia. Wakaja wote hapa uwanjani. Ndiyo kwanza unaingia kutoka Gitaza, una mchanga miguuni mpaka magotini. Mama Salima akauliza, "Mama Hadija, imekuwaje?"

Nikakunyooshea kidole. Nikasema, "Muulizeni huyu mutoto. Kazi ya maji nilimupa yeye, na siku mbili hakuonekana."

Ukanitazama. Mpaka leo naamini ulikuwa unangoja nimalizie, niseme kwamba nilikutuma mwenyewe. Sikumalizia. Mmoja wao akasema, "Aka! Huyu si mutoto, huyu ni kiangazi!" Watu wakacheka, hasira ikapoa, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Nilifurahi kwamba wanacheka.

Masika yalipokuja korongo lilichukua jiko la Mama Salima, mafiga na masufuria na kuku aliyekuwa ameatamia. Mtu hakuumia, alhamdulillahi. Lakini kwenye bomba la maji walikuwa wanakupisha na wanasema, "Pisheni Kiangazi apite, maji yasikauke." Ulikuwa unacheka. Uliendelea kucheka mpaka ukaanza kujiita mwenyewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka saba, na wewe ndiye uliyeitembea.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana hata nikikuambia kwamba nilikutuma mimi, najua utajisemea, "Lakini kama ningekataa kwenda?" Usingeiokoa. Jioni ile walipoondoka nilipanda mlimani nikang'oa mche mmoja. Ulitoka bila kuvutwa. Shina refu kama mkono wangu, na mizizi chini imejikunja kama kifurushi, haijazidi urefu wa kidole, bado inanuka samaki. Miezi miwili ardhini na haikuwa imetoka hata nje ya udongo wake wa kisashe! Nikang'oa wa pili, wa kumi, ni vilevile. Chakula na maji viliifuata mdomoni tangu siku ya kwanza. Ingeteremsha mizizi kutafuta nini? Ilijaza majani tu. Na majani yale mapana ndiyo yaliyoimaliza, kwa sababu jani linakunywa. Mche wenye majani mengi na mizizi mifupi unataka bidoni kila siku, na kesho yake unataka bidoni mbili. Siku zako mbili zilikuwa kisingizio tu. Ungepanda na maji mpaka Februari, ungeishia kuvunjika shingo.

Nikaenda kwenye mawe, kuitazama ile mibaya. Ilikuwa hai. Si yote, lakini iliyopona ilikuwa mingi kuliko iliyokufa. Nikachukua mmoja, haufiki hata shubiri, nikaanza kuufuata mzizi kwa panga. Ukaingia katikati ya mawe mawili. Nikafukua, ukaenda. Nikafukua tena, ukaenda. Nilichoka mimi kabla haujaisha. Nilikaa pale chini mpaka jua likaniacha, na nilijua kila kitu siku ile ile. Usije ukasema mama aligundua baadaye.

Tena uliniuliza mwenyewe, "Mama, mbona ile ya kwenye mawe imepona?" Nikakuambia pale chini kuna chemchemi. Hakuna chemchemi, Hadija. Ni mawe matupu na mikono yako.

Ile mijohoro ya kwenye mawe imekuwa miti mikubwa, na korongo limesimama pale pale miti ilipo. Wanaposifu, wanasema, "Mama Hadija ana mkono wa baraka." Najibu, "Tunashukuru Mungu." Ona nilivyo: iliyokufa nilikupa wewe, iliyopona nikajichukulia mimi. Watu wanatoka mpaka Kabezi kununua miche kwangu, na ufundi wote wanaonisifia niliupata kwenye shimo lile nililochimba kwa panga.

Usidhani nilijirekebisha mara moja. Mwaka uliofuata nikageuka bahili. Nikasema, kumbe miche inataka shida, basi ipate shida. Nikaipa mchanga mtupu, nikaibania na maji tangu ilipochipuka. Ikawa ya manjano, imedumaa, nusu ikafia hapa hapa uwanjani. Iliyobaki nilipoipasua nikakuta mizizi myembamba kama uzi, haina nguvu ya kwenda popote. Nilitoka kwenye ugonjwa mmoja nikaingia mwingine. Mche mchanga lazima ule, na lazima unywe, ndipo upate nguvu ya kujenga mizizi. Kisha ukishasimama, unaanza kuupunguzia, pole pole, siku moja unaruka, halafu mbili, majani yanalegea kidogo mchana na jioni yanasimama tena. Unyanyue na visashe mara kwa mara, ukate mizizi inayotoroka chini, maana isipokatwa inaingia kwenye ardhi ya pepinyeri, siku ya safari inang'oka kwa kuraruka. Na mbolea bila maji haisaidii kitu, inaunguza tu. Nimeiona hiyo pia, kwa samaki hao hao.

Yote hayo umeyasoma. Nayaandika ili ujue kwamba mimi niliyalipia, na sehemu kubwa niliilipia kwa jina lako. Wala usinitafutie maana ya pili hapa, ukasema mama anaongea habari za kulea watoto. Naongea miti. Watoto nimeshindwa kuwaelewa.

Ila kuna kitu kimoja cha kuongeza, na hiki si cha miti. Wageni wakija Kirundo kutazama kazi yako, wakubwa na magari yao, mkono utakuwasha kumwagilia ili waone kijani. Wakute miche yako imelegea. Wakikuuliza, wang'olee mmoja wauone mzizi. Mimi niliogopa kuonekana sijui, na kutoka kwenye woga ule nikaja kumsingizia mtoto wangu. Sikuona hatua katikati. Ilikuwa hatua moja.

Niliacha kuandika hapa. Sasa nimerudi, na jua linashuka, kwa hiyo nitaandika haraka.

Nilipofika kwenye neno "kumsingizia" nikajiona mjinga. Nilikunyooshea kidole mbele ya watu, halafu nataka kukiri kwenye daftari? Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini aliyekwisha kujikwaa ulimi autumie ulimi huo huo kuinukia. Nikajitanda mtandio nikaenda kwa Mama Salima. Niliwakuta wanne, wote walikuwepo siku ile, wanapukusa ngazi, yale matunda ya mawese. Sikukaa. Nikawaambia yote: Gitaza, maji niliyoahidi, samaki, mizizi, chemchemi ya uongo, na nani aliyeipanda miti ya kwenye mawe.

Ngazi zikaachwa chini. Mama Salima akafuta mikono kwenye kitenge, pole pole, kidole kimoja kimoja. Nilidhani atanitukana, na haki anayo, jiko lilikuwa lake.

Akasema, "Mutoto umemwambia?"

Nikasema, "Namwandikia."

"Unamwandikia! Yuko nyumba moja na wewe na unamwandikia? Sisi umetujia na miguu yako. Kumbe yeye unamwogopa kuliko sisi."

Nikasema ndiyo, namwogopa. Nikalia, basi, nitakuficha nini. Nililia mbele yao kama mtoto aliyevunja chungu. Hakuna aliyenibembeleza, na nawashukuru kwa hilo. Baadaye Mama Salima akachukua tena kazi yake, akasema bila kunitazama, "Jina hilo tulimpa asiye mwenyewe. Mutoto wetu anaondoka kesho. Haondoki nalo. Jina linarudi kwa mwenyewe."

Wengine wakaitikia, "Linarudi." Na nilipokuwa natoka mlangoni, yule yule aliyekupa jina siku ile akapaza sauti, "Haya, Kiangazi, pita salama!" Wakacheka, na safari hii nami nilicheka, kwa sababu nilistahili.

Kesho asubuhi watakuja kukusindikiza stendi, wamesema wenyewe. Mama Salima ana neno lake na wewe, sikumuuliza.

Kwenye begi lako, ndani ya soksi nyeusi, nimefunga mbegu. Zimetoka kwenye miti ya mawe, miti yako. Ukifika, zioteshe sehemu yako mwenyewe, pembeni. Usizilishe samaki.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii pamoja nazo, uisome ukiwa mbali, basi limeshavuka Bujumbura, na mimi niko huku salama. Mama Salima amenifungia njia hiyo. Nitakupa mkononi leo, kabla hatujala. Isome hapo barazani. Usinihurumie, na usiniambie yameisha kama hayajaisha. Kama una neno la miaka saba, liseme lote, hata kwa sauti ambayo jirani atasikia.

Nasikia gari limesimama barabarani, na sauti yako ukibishana na dereva. Mimi naingia jikoni. Nitakaa humo mpaka uniite.

Mama yako,
Kiangazi